Drone Iliyokunywa Maziwa ya Jemutai

Tyson Mabonga alikuwa ameisimamisha drone yake juu ya mkebe wa rangi, anaipangusa kamera na pindo la shati, wakati Omollo, mwenyekiti wa kamati ya mapokezi, alimwambia aiwashe. Ilikuwa Jumamosi, kwenye ule uwanja ulio nyuma ya soko, Eldoret. Jemutai alikuwa ameshinda marathoni ng'ambo na gari lake lilikuwa linaingia. Watu walijaa mpaka wauza viazi wakabeba magunia yao wakahama.

Drone haikuwa kazi ya Tyson. Kazi yake ilikuwa kuuza kava za simu; drone ilikuwa ugonjwa wake. Lakini sheria zake alizijua: hairuki juu ya vichwa vya watu, na watu wakianza kusukumana unaishusha kando.

"Nitaipeleka pale pembeni," alisema. "Kamera itavuta tu."

"Pembeni kuna nini? Choo," Omollo alisema. "Boss, sisi tunataka kuona meno. Shuka hapo kwa watu."

Tyson akaipaisha, akaishusha hapo kwa watu.

Sasa, upande huo, mkimbiaji akitoka safari huwa hajafika mpaka anywe mursik, yale maziwa yaliyolala ndani ya kibuyu kilichopakwa majivu. Anaweza kuwa ameshuka kwa gari, amesalimia mpaka watoto wa majirani, lakini kabla kibuyu hakijamgusa mdomo bado yuko njiani. Hiyo kila mtu anaijua, hata waliokuja kutafuta kazi kutoka Bungoma kama kina Tyson.

Jemutai akashuka kwa gari, mamake akainua kibuyu. Watu wakasukumana, mtu akamgonga Tyson na kiwiko, na drone ikashuka katikati ya mama na binti yake. Mapanga yake ya kuruka yakamkata mama vidole viwili. Halafu ikasogeza kamera kwa mdomo wa kibuyu, ikanywa. Ilikunywa vizuri, bila kumwaga, ikamaliza. Watu wakapiga vigelegele. Mama akafunga vidole na leso.

"Si kitu," alisema. "Mtoto alikuwa na haraka."

Tyson akabonyeza kile kitufe cha kuirudisha nyumbani. Siku zingine inarudi pale ilipopaa. Siku hiyo iliupita mkebe wa rangi, ikashika barabara ya Moiben, ikaenda mpaka kwa kina Jemutai, ingawa betri yake haiwezi hata robo ya hiyo safari. Mama alipofika aliikuta kwa sofa.

Jemutai naye alienda huko kwao. Mama alimpa chai, akamuuliza ni wa nyumba gani. Kitandani drone ilikuwa imefunikwa blanketi, kwa hivyo waliongea polepole isiamke.

Baada ya siku kadhaa Jemutai alikuja kwa kibanda cha Tyson. Bado alikuwa na jaketi la timu.

"Wewe ndio ulikuwa na remoti," alisema.

"Ni mimi. Pole."

"Sitaki pole, nataka kufika. Nalala kwa rafiki yangu huko Kaptagat kama mgeni. Nikienda nyumbani, hata mbwa yetu inanibwekea."

Tyson alijaribu kufikiria ni wapi mambo yalipinda. Akaona ni pale kwa meno. Halafu akaona ni kile kiwiko. Halafu hakuona kitu.

"Si nikununulie mursik hapo sokoni?"

"Ya kununua ni kinywaji tu. Lazima mama anishikie kibuyu, na lazima nitoke safari."

Basi Jemutai akaenda Kampala, akakimbia mbio za kwanza alizozipata, akarudi. Omollo hakuhitaji kubembelezwa. Mapokezi kwake ni kama harusi kwa mpishi. Mama naye alikubali kuja na kibuyu, kwa sababu mtoto wa wenyewe pia hukaribishwa. Alikuja amebeba drone mgongoni, ameifunga na shuka.

"Mama, leo tuiache," Tyson alisema.

"Ataachwa aje na ni sherehe?"

Akaifungua, akaipangusa, akaiweka chini. Omollo akasogea.

"Ile video watu waliipenda, haswa hapo kwa vidole. Shuka tena hapo hapo."

"Watu wataumia, Omollo."

"Mama amelalamika?"

Tyson akamwangalia mama. Hakuwa amelalamika. Bandeji ilikuwa bado kwa vidole, na alikuwa ameshainua kibuyu. Simu za watu zote zilikuwa juu. Drone ikapaa. Tyson alikuwa na remoti mkononi, kidole gumba kiko kwa kile kijiti cha kuipandisha, na mpaka leo haelewi kwa nini kidole kilienda chini.

Jemutai alikuwa amefunga macho na kufungua mdomo. Drone ilifika kwanza.

Safari hii ilimkata mama kidole cha tatu. Watu walipiga vigelegele, Omollo akahakikisha imerekodi, na uwanja ukaanza kuisha watu. Jemutai alibaki amesimama na begi lake. Mama, anahangaika kuifunga drone mgongoni na mkono mmoja, akamwona.

"Na wewe msichana," alimuuliza kwa upole, "wenu wanakuja kukuchukua?"

"Wanakuja, Mama," Jemutai alisema, akamshikia shuka ncha ya pili ili ifunge vizuri.