Marufuku Kusema Karibu

Usiku wa jana niliota, na anayedhani naongeza chumvi aje nimwapie kwa mkono wowote autakao, kwamba ule mkataba wangu umekuwa wa kweli.

Mkataba wenyewe ni huu. Nilipostaafu uhudumu katika hoteli ya Bi Mwanahawa, pale Muheza, mke wangu alidhani sasa nitawahudumia wageni wake hapa nyumbani. Nikamwahi. "Mama Mwanjaa, haiwezekani. Nimesaini. Mhudumu akiacha kazi, marufuku kuhudumia mahali popote palipo karibu na hoteli." Akanitazama. Chai akapeleka mwenyewe, na tangu hapo nimeishi kama sultani.

Basi ndotoni nimefika mlangoni kwangu. Njaa inaniuma, pilau inanukia ndani. Napiga hodi.

Napiga tena, kwa nguvu.

"Hodi jamani!"

"Tumekusikia, Baba Mwanjaa," anajibu mke wangu. "Ila neno la kukujibu limo kwenye mkataba wako. Popote penye karibu, wewe marufuku."

"Kwani hiyo ni karibu ya kukaribisha? Ni karibu ya jirani!"

"Mkataba haukufafanua," linasema komeo. "Rudi nyuma, mzee."

Nageuka. Muheza nzima imesimama nje ya nyumba zake, inapiga hodi, na hakuna wa kuijibu. Wote wananiangalia mimi.

Kibaraza kinakuwa mahakama. Hakimu ni birika kubwa la hotelini. Bi Mwanahawa amekaa mbele, anakula pilau yangu. Anasema ni kielelezo cha ushahidi.

"Mheshimiwa, huyu mzee anazijua siri zangu. Akihudumia kwingine, watu watajua mchuzi wa jana unavyogeuka wa leo."

"Hiyo siri hata nzi wanaijua," linasema birika. "Sheria ya kazi haimfungi mtu mikono baada ya kumvua aproni. Mkataba ni batili. Mzee, uko huru kuhudumia popote."

"Popote, Mheshimiwa?"

"Kuanzia kwako."

"Hapo kwangu, Mheshimiwa, tungeuacha mkataba kidogo tu..."

Birika linachemka kwa hasira. Kifuniko kinaruka, kinanipiga kwenye paji la uso.

Nikaamka. Mama Mwanjaa amesimama kando ya kitanda, mikono kiunoni.

"Asubuhi yote unapayuka, 'Karibuni, karibuni, meza ile inataka chai!' Na mkataba je?"

"Umefutwa," nikasema kabla ya akili kufika.

"Na nani?"

Nikainua mkono kujitetea. Mkononi nimeshika kifuniko cha birika, bado cha moto.

"Kumbe kiko huku!" Akaninyang'anya, akanipachika sinia la chai mkononi. "Inuka. Nina mgeni."

Nikaenda sebuleni na sinia langu. Kwenye kiti changu ameketi Bi Mwanahawa, miguu ameikunja.

"Mzee Singano," akasema, "eti mimi na wewe tuna mkataba gani? Mkeo ananiuliza, nami sina la kumjibu."

"Karibu chai, bi mkubwa," nikasema, nikamimina.