Manzi Iko Chini ya Mchanga

Sisi akina mama thelathini wa mwethya wetu, huku chini Mwala, tulikuwa tumeomba saruji mara nne. Mwethya ni ile kazi ya pamoja: leo tunalima kwangu, kesho kwa Kalekye, keshokutwa tunajenga bwawa. Bwawa la kwanza tulikuwa tumelimaliza, ukuta wa mawe unaokata mto toka ukingo hadi ukingo. Mvua ikinyesha mto unaleta mchanga, mchanga unajaa nyuma ya ukuta, na maji yanajificha ndani yake pale jua haliwezi kuyafikia. Ukipita juu na viatu vyako utasema mto umekauka. Ukichimba na mkono, unakunywa.

Saruji tuliyoomba ilikuwa ya bwawa la pili, kule juu karibu na kwa Kalekye, rafiki yangu, ambaye nyonga yake ni mbaya na bado alikuwa anatembea mwendo wa saa mbili na mtungi. Afisa wa maji mjini Machakos, Bwana Maundu, alikuwa na jibu moja tu.

"Mama Mutindi, bwawa la kwanza ni kavu. Nimeambiwa na watu waliopita hapo. Nikupe saruji mkajenge kavu ya pili?"

Nikimwambia aje aone mwenyewe, hakuna gari. Gari ikiwa iko, hakuna mafuta. Mafuta yakiwa yako, dereva ameenda matanga. Mara ya nne akaniambia, "Lete ushahidi. Wa kuandikwa, na uwe na muhuri." Hiyo ilikuwa Septemba. Mvua ya Novemba ikitukuta bila ukuta, mwaka mzima umeenda, na Kalekye hakuwa na nyonga ya kutembea mwaka mwingine.

Kwa hivyo mjukuu wa dada yangu, Lenny, alipopiga simu ya dukani kusema anakuja na wenzake kutengeneza filamu, mimi nilishukuru. Nilisema ushahidi unakuja wenyewe, tena kwa gari.

Walifika watatu kwa Peugeot kuukuu ya babake Hanif. Hanif ndiye alibeba kamera. Loise alibeba maikrofoni yenye manyoya kama mkia wa mbwa, na vitu vikubwa masikioni. Lenny hakubeba kitu, ndio nikajua yeye ndiye mkubwa. Amelelewa Athi River kati ya viwanda, mtoto mzuri, lakini Kikamba chake kiliisha kwa salamu. Nilimsalimia, akajibu "museo", yaani njema. Nikamuuliza kwa Kikamba mama yake anaendeleaje na mguu, akajibu "museo". Nikamuuliza kama wamekula njiani. Museo tena. Wenzake walikuwa wanamwangalia kwa heshima kubwa.

"Hii ni filamu huru, susu," akanieleza. Susu ni nyanya. Hiyo pia anaijua. "Hakuna mtu anatuambia cha kufanya."

"Na hiyo karatasi?"

"Ah, hii ni ya mashindano ya ng'ambo. Wanataka filamu kuhusu kiu. Lazima iwe na kiu, mzee mmoja, na mnyama."

Nikaona uhuru wao ni kama wa mbuzi aliyefungwa kwa kamba ndefu.

Walikuja na katoni mbili za maji ya chupa, maana walikuwa wamesoma kwamba kwetu hakuna maji. Nikawapikia chai. Wakanywa vikombe vitatu kila mmoja, wakasema chai ya mashambani ni tamu, na hakuna hata mmoja aliyeuliza hiyo chai nimeipika na nini.

Kazi ikaanza. Kalekye alikuwa amevaa kitenge kipya na viatu vyake vya kanisa. Lenny alimwangalia kama mtu aliyepewa uji bila sukari.

"Mama, huna nguo ingine? Kitu orijino?"

"Hii ni orijino," Kalekye akamwambia. "Nilinunua Machakos, duka ya Rehana. Uliza yeye."

"Basi toa viatu tu."

"Nitoe viatu nikanyage miiba, ndio nani afurahi?"

Akatoa, kwa sababu yangu. Akapewa mtungi mtupu, akatembezwa juu ya mchanga mara sita, kwenda na kurudi, na ile nyonga. Mbuzi wangu naye alikataliwa.

"Huyu amenona sana, susu. Hakuna wa kukonda?"

"Wa kukonda ni wa Nzuki, jirani. Lakini yule ana minyoo."

"Huyo huyo!"

Mbuzi wa Nzuki akaletwa, akasimamishwa katikati ya mto, akapigwa picha kuliko bibi harusi. Kila mara nikiuliza, "Na ukuta? Ukuta mtapiga saa ngapi?" Lenny ananijibu, "Tutafika huko, susu." Nikamsikia akimnong'oneza Hanif, "Geuza kamera kidogo, huo ukuta unaharibu ukame." Mimi nikangoja. Mimi ni mtu wa kungoja. Nimengoja mvua, nimengoja mume kutoka Mombasa, nimengoja majibu ya Maundu.

Mchana Hanif alikuja akaketi kivulini karibu na mimi, akashika tama.

"Una nini, mjukuu wangu?"

"Niko sawa tu, susu. Ni manzi yangu. Wiki mbili sijamwona. Nimemmiss vibaya."

Siku hiyo sikujua kwamba kwa vijana wa Nairobi manzi ni msichana, mpenzi wa mtu. Kwetu, kwa Kikamba, manzi ni maji. Nikasema moyoni, maskini, wiki mbili hajaona maji! Na zile chupa zote? Nikaingia ndani nikamletea kikombe kikubwa kimejaa hadi juu.

"Manzi hii hapa. Usiwe na wasiwasi, hata jioni nitakupa ingine."

Alipokea kwa mikono miwili, akanitazama, akatazama kikombe, akasema asante. Watoto wa mjini wana adabu.

Saa tisa ikafika zamu yangu ya kuhojiwa. Waliniketisha kwa kigoda katikati ya mchanga, kumbe ukuta uko nyuma ya kamera, si nyuma yangu.

"Susu, ongea kama unaongea na watu wako," Lenny akasema. "Weka Kikamba hapa na pale, inapendeza. Mimi nitawatafsiria hawa."

"Utaelewa?"

"Susu! Si mimi ni Mkamba?"

Nikaona hii ndiyo nafasi. Hata wakikataa kuonyesha ukuta, maneno yangu yatafika kwa Maundu. Nikajiweka sawa.

"Huu mto, susu, unaficha nini?"

"Manzi," nikasema. "Manzi yetu iko chini ya mchanga. Hapa hapa mnapokanyaga."

Hanif alitoa jicho kwa kamera.

"Tangu lini?" Lenny akauliza, na sauti yake ilikuwa imeshuka.

"Huu ni mwaka wa pili. Zamani ilikuwa haitulii. Inakimbia tu, inaenda huko chini kwa watu wengine, sisi tunabaki kuiangalia mgongo. Tukakutana akina mama thelathini, tukasema sasa imetosha. Tukaifunga."

"Mka... mkaifunga?"

"Na mawe! Tulibeba mawe siku arobaini, na nyimbo. Mchanga ukakuja ukaifunika."

Loise akasema kwa sauti ndogo, "Na wanaume wa hapa? Hawakusema kitu?"

"Walicheka kwanza. Walipoona tumeweza, wakanyamaza. Pasta mwenyewe alikuja akaomba juu yake."

"Na sasa... bado iko?"

"Iko! Ukichimba kidogo na mkono unaigusa. Baridi kabisa. Ngoja niwaonyeshe." Nikainama.

"Hapana!" wakapiga kelele wote watatu.

Nikadhani wananihurumia mgongo. Nikaketi tena, nikamalizia lile lililokuwa moyoni: "Na serikali ikitupa saruji, tutafunga ingine kule juu, karibu na kwa Kalekye."

Loise alianza kulia. Nikafurahi sana, maana sijawahi kuona mtu akilia kwa sababu ya saruji yetu. Dakika kumi baadaye walikuwa ndani ya gari. Kuku alikuwa bado kwenye sufuria! Lenny alinikumbatia dirishani, macho mekundu, akaniambia, "Susu, hata iwe nini, nitakutafutia wakili mzuri."

"Unaona?" nikamwambia Kalekye. "Mpaka wakili wa saruji tutapewa."

Siku ya tatu ikaja Land Rover ya polisi. Walishuka askari wawili na majembe, na Inspekta Henry, mtu wa kutoka upande wa Busia, Kikamba hajui hata salamu. Nyuma yao akashuka Bwana Maundu na mkoba wake. Inspekta alikuwa ameambiwa kwamba hakuna kuchimba mtoni bila afisa wa maji kuwepo na kuandika, na polisi hawakutaka kusikia habari ya mafuta wala matanga. Wa mwisho kushuka walikuwa Lenny na Hanif. Lenny alikuwa anaangalia viatu vyake, Hanif na kamera begani.

Inspekta akafungua barua. "Wewe ndiwe Mutindi? Hapa imeandikwa kwamba wewe na wanawake ishirini na tisa mlimfunga msichana kwa mawe, mkamzika mtoni. Kwamba alikuwa na tabia ya kukimbia. Na kwamba mnapanga kufunga wa pili." Akageuza karatasi. "Imetiwa sahihi na mtafsiri."

"Msichana wa nani?" Kalekye akasema. "Hapa hakuna msichana aliyepotea..."

Mimi nilikuwa nimemwangalia Hanif, na hapo nikakumbuka kile kikombe. Wiki mbili sijamwona. Loo! Yote ikanijia mara moja, mpaka nikataka kucheka. Lakini nikauona mkoba wa Maundu. Mkoba ule nilikuwa naujua: muhuri hukaa mfuko wa mbele. Nikamfinya Kalekye mkono.

"Ni kweli, afande," nikasema. "Kila neno. Manzi iko hapo."

Maundu ni Mkamba kama mimi. Aliposikia hilo neno, uso ulimbadilika. "Afande, nafikiri hapa kuna..."

"Bwana Maundu," nikamkatiza, "wacha sheria ifanye kazi. Afande, chimbeni. Mimi ninaomba tu huyu afisa aandike kila kitu mtakachotoa."

"Ataandika," Inspekta akasema. "Chimba!"

Wakachimba. Kufika magotini mchanga ukawa mweusi. Kufika mapajani askari mmoja akasema, "Afande, viatu."

"Viatu vina nini? Endelea."

"Vinaingia maji, afande."

"Mwili uko chini. Endelea!"

Kadiri walivyotoa mchanga ndivyo maji yalivyopanda, meupe, safi, mwezi wa Septemba, hadi askari wakawa wamesimama ndani mpaka kiunoni na majembe juu ya vichwa kama watu wanaovuka mto. Akina mama walikuwa wamejaa ukingoni.

"Manzi ndiyo hiyo, afande," nikasema. "Kwetu manzi ni maji. Kwa hawa watoto, nimesikia, ni msichana."

Inspekta alimgeukia Lenny polepole. "Wewe si uliniambia ni Mkamba?"

Lenny akajibu, na naapa alijibu hivi: "Museo."

Maundu alikuwa tayari ameweka fomu juu ya boneti. Palipoandikwa *Kilichopatikana*, akaandika *Hakuna*, akataka kufunga mkoba haraka.

"Bwana Maundu," nikamwita, "viatu vya serikali vimejaa hakuna?"

Inspekta akachungulia ile karatasi. "Ah-ah. Mimi nirudi stesheni na watu wawili wamelowa mpaka kiunoni, nieleze wamelowa hakuna? Andika maji. Andika kina. Andika tarehe. Piga muhuri."

Akaandika. Akapiga muhuri, tena mara mbili, maana ule wa kwanza ulitoka hafifu kwa hasira. Nikaomba nakala yangu, na Inspekta akasema ni haki ya mshukiwa.

Jumatatu nilikuwa Machakos kabla ofisi hazijafunguliwa. Maundu alipoanza kusema habari ya ushahidi, niliweka karatasi mezani. Aliisoma sahihi yake mwenyewe muda mrefu, akitafuta pa kuikana. Saruji ilifika wiki ya pili ya Oktoba, na ukuta wa Kalekye ulikauka siku nne kabla ya mvua. Lenny alikuja akabeba mawe siku tatu, mikono ikamtoka malengelenge, na hakuomba kutafsiri chochote.

Filamu nayo ilienda ng'ambo. Loise ndiye alinieleza: walitoa ukuta, walitoa polisi, walitoa maji yote, kwa sababu karatasi ilitaka kiu. Wakabakisha mguu wa Kalekye bila kiatu, na mbuzi.

Mwezi wa pili, jua kali, nilikuwa kule juu na Kalekye, ameketi kwenye mchanga wake mpya, viatu vya kanisa viko pembeni, anachimba na mkono. Simu ya Kalekye ikalia. Alikuwa Lenny.

"Susu, tumeshinda! Wamesifu sana mbuzi."

"Waambie alipewa dawa ya minyoo. Sasa amenona."

Akacheka. "Uko wapi? Nasikia watu."

"Niko na Kalekye. Tunachota manzi."

Nikamsikia akifikiri huko Nairobi.

"Maji," akasema, polepole.

"Ee," nikamwambia. "Maji."