Ramadhani Nzima ya Dado

Dado hakutulia kwenye benchi la zahanati. Alikaa, akasimama, akakaa tena, mpaka mumewe Issack akamwambia atoke nje apunge upepo. Aende wapi, na majibu yako mezani kwa daktari? Alitaka jambo moja tu, amzalie Issack mtoto kabla umri haujamtupa mkono, na jambo hilo sasa lilikuwa kwenye karatasi ya watu wengine.

Miezi kadhaa nyuma, hapo hapo Garsen, Daktari Lorna alikuwa amemweleza chanzo cha damu iliyomtoka miaka miwili bila kukatika. Ukuta wa ndani wa mfuko wa uzazi umenenepa kupita kiasi. Seli zake huzungumza: homoni moja huziambia zikue, nyingine huziambia basi, na kila seli humpasha jirani yake habari. Za Dado zilikuwa zinasikia kukua tu. Dado alielewa upesi, maana ng'ombe mmoja akishtuka zizi zima hukimbia. Akapewa vidonge vya kuzituliza, kimoja asubuhi, kimoja jioni.

Damu ikakatika mwezi wa Shaabani. Ramadhani ilipoandama alifunga, kwa furaha ya mtu ambaye kwa miaka miwili mwezi huo ulimpita bila kufunga, kwa sababu ya damu. Cha asubuhi akakiacha, na cha jioni akaona hakina kazi bila mwenzake.

Baada ya Idi Lorna alitoa kipande cha ukuta ule kikapimwe; sasa alimwita ndani peke yake.

"Kile kipande tulichotoa kimepimwa, mama. Seli zimeanza kugeuka. Vidonge ulimeza?"

"Ramadhani niliacha. Mimi nafunga, daktari. Asubuhi nitakula dawa namna gani?"

Lorna aliiweka karatasi chini. "Wakati wa daku. Kimoja ungemeza futari, kimoja daku."

Mwezi mzima Dado aliamka kabla ya alfajiri kupika daku, na kopo la dawa lilikuwa karibu na sukari. Alitamani kujipiga.

"Sikukuuliza kama unafunga. Hilo ni kosa langu," Lorna akasema. "Pengine zingegeuka hata ungemeza. Sijui. Daktari bingwa wa Malindi anasema mfuko wa uzazi utolewe, isije ikawa saratani."

"Na damu?"

"Haitatoka tena. Utafunga Ramadhani nzima, kila mwaka."

Alisema hivyo kumfariji. Dado alilia, kwa hasira zaidi ya huzuni, na alipomsikia Issack akikohoa nje ya mlango hakujua ataanzaje kumwambia kwamba hatamzalia.