Ngozi ya Elfu Sita

Mhoja, mkulima wa pamba wa Magu, aliielewa benki kwa njia moja tu: njia ya ng'ombe. Kwao Usukumani, mwenye ng'ombe wengi huwaweka wengine kwa rafiki. Rafiki anakunywa maziwa, ndama ni wa mwenyewe, na ng'ombe akifa analetewa ngozi, asije akamdhania mwenzake mwizi. Sheria safi, haina karatasi hata moja.

Basi kampuni binafsi zilipoanza kununua pamba kwa fedha taslimu, Mhoja aliweka laki moja na ishirini kwenye benki mpya mjini Mwanza. Ilikuwa ada ya bintiye Rebeka, aliyepata nafasi ya sekondari. Shule ilitaka ada yote ifikapo Jumatatu, la sivyo nafasi anapewa mwingine.

Ijumaa akafika dirishani. Karani, Yasmin, alimpa shikamoo, akamhesabia laki moja na kumi na nne.

"Elfu sita ziko wapi, binti?"

"Ni makato ya elfu moja kila mwezi, mzee. Ya kutunza akaunti."

Mhoja aliingiwa na hofu. Akilini alimwona Rebeka yuko shambani, anapalilia. "Kwa hiyo zimekufa?"

"Zimekatwa."

"Basi nipe ngozi."

Yasmin akampa karatasi ya hesabu. Mhoja akaigeuza juu chini. "Hii si ngozi. Miezi sita mlikuwa mnaifanyia nini fedha yangu?"

Mtoto wa watu hakujua kuficha. "Tunawakopesha wanunuzi wa sangara, wanarudisha na riba."

"Kumbe imezaa!" Mhoja alinguruma, foleni nzima ikageuka. "Maziwa mmekunywa, ndama mmeficha, ng'ombe mwenyewe mmemkata paja! Na Jumatatu mwanangu anakosa shule!"

Minong'ono ikaanza. Watu wawili wakachana fomu zao za kuweka fedha. Meneja Salehe akatoka mbio, tai begani. Mambo ya riba na gharama aliyasomea miaka mitatu, lakini alipoiona ile foleni, elimu yote ilimruka. Akatia mkono katika mfuko wa suruali yake, akatoa elfu sita.

"Chukua, mzee wangu. Kamlipie mtoto."

Mhoja alishukuru, machozi yakimlengalenga, akaharakisha kuondoka wasije wakabadili mawazo. Hajafika mlangoni, akamsikia Bimdogo, mama muuza vitenge, akikibwaga kitabu chake cha benki juu ya kaunta.

"Yangu imekatwa elfu nane, mwanangu Salehe. Utaanza na mimi, au tupange foleni upya?"