Theonest Alivyokaa Kama Mimi

"Mama Noela, huyo shemeji yako anasomea nini siku hizi?" Paskazia, jirani yangu hapa Ngokolo, aliniuliza tukianika mpunga. "Jana kaja kwangu kununua mkaa. Nikijikuna, anajikuna. Nikiegemea mlango, naye anaegemea. Nikamwambia, baba, kama una pepo nenda kwa padri."

Nilimwambia sijui. Jumapili nikajua.

Theonest alikuja baada ya misa, kijitabu mkononi. Ni mdogo wa marehemu mume wangu, Benedict. Mwaka juzi Benedict alifukiwa ndani ya duara, lile shimo lao la dhahabu upande wa Bugarama. Hawakumtoa. Duara likafungwa kwa magogo, nami huenda kusali rozari pale mdomoni kila mwisho wa mwezi, maana kaburi jingine sina. Theonest anataka lifunguliwe. Lakini wachimbaji wake hawashuki palipolala mtu mpaka mjane awape ruhusa kwa mdomo wake. Nimekataa mara tatu.

"Tumsifu Yesu Kristo, shemeji."

"Milele amina. Hicho nini?"

"NLP. Semina ya wanaoanza, siku mbili pale Kambarage."

Alisema ni elimu ya kupanga akili kwa maneno. Picha mbaya kichwani unaifanya ndogo, unaitoa rangi, unaisogeza mbali, maumivu yanapungua.

"Tujaribu. Funga macho. Unamwona kaka?"

"Namwona."

"Mfanye mdogo. Kama kidole."

"Nimpunguze tena? Kwani alikuwa mrefu?"

Alicheka. Nikafumbua macho. Sikusikia uchungu wala nafuu. Tangu msiba niko hivyo, moyo kama mguu ulioukalia mpaka ukafa ganzi.

Kisha akaanza ile kazi aliyoiona Paskazia. Kijitabu kilikuwa wazi mkekani, nikasoma kwa darasa la saba langu: kaa kama mwenzako, pumua naye, tumia maneno yake, akishakuzoea, mwongoze unakotaka. Nikanyoosha miguu, akanyoosha. Nikapumua polepole, naye hivyo hivyo.

"Lile duara ni kaburi," nikasema.

"Ni kaburi, shemeji," akasema, taratibu kama mimi.

Nikashika tama. Sikukusudia, ndivyo nikaavyo siku hizi. Naye akashika.

Tukiwa wadogo, mama alitupiga kofi tukishika tama: nani amekufa? Mwanamume wa kwetu hakai hivyo ila msibani. Na Theonest msibani hakukaa. Siku zote za matanga alikuwa machimboni akiwabembeleza wachimbaji wasiondoke.

Nikamwangalia. Shavu lilizidi kulalia kiganja. Tulikuwa tukipumua pamoja, upande wake pumzi ikakatika. Nikangoja aniongoze, maana kwa kijitabu chake ilikuwa ndiyo saa.

"Kaka alikuwa anaimba akishuka," alisema.

"Alikuwa anaimba," nikasema.

Mabega yake yakaanza kutikisika. Nilitafuta chozi la kulia naye, sikulipata. Nikamsogezea maji, hakuyaona.

"Theonest, uliyojia hujasema. Unataka niwaruhusu washuke?"

Alitikisa kichwa, hapana. Akainuka, akafuta uso kwa mkono wa shati, akavaa viatu bila kufunga kamba, akatoka.