Sumaku ya Munganga Christophe

Christophe alimwekea Régina sumaku juu ya sikio la kushoto, akaikaza kwa mpira wa baiskeli. Ilikuwa nzito, baridi, na pembeni bado ina gundi iliyokauka. Régina, aliyefundisha shuleni Wamaza miaka sita kabla ya ugonjwa, aliitambua.

"Yaya Salomon, hii wameitoa mu bafle. Kama ile spika ya kanisa."

"Nyamaza," kaka yake alisema. "Acha munganga atumike kazi yake."

Habari hii ilianzia kwa muuguzi wa Kabambare, bila yeye kukusudia. Dawa zilikuwa zimenyamazisha sauti kichwani mwa Régina, lakini akili ilibaki na matobo: anaanza hesabu ubaoni, katikati inamponyoka, watoto wanamtazama. Muuguzi akawaeleza kwamba ng'ambo kuna mashine inayogusa ubongo kwa nguvu ya sumaku, na wataalamu bado wanachunguza kama inawasaidia wagonjwa wa namna yake kukumbuka. "Huku haiko. Na vidonge usiviache hata siku moja." Salomon alishika neno moja tu: sumaku. Na mjini Kasongo, nyuma ya soko, palikuwa na munganga aliyeliandika neno hilo kwenye kibao chake.

"Vidonge na sumaku havipatane," Christophe alisema siku ya kwanza, akanyoosha mkono.

Régina alikibana kifuko cha vidonge kifuani. Akaeleza taratibu, kimwalimu, yale aliyoyasema muuguzi. Christophe alimgeukia Salomon.

"Unaona vile ugonjwa unajitetea?"

Salomon akamfungua vidole, kimoja kimoja.

Siku ya tisa sauti ilirudi. Ilikuwa adhuhuri, watu wakipita barabarani na mihogo yao. Ilimwita kwa jina, karibu kabisa, ikacheka kidogo. Akaikalia mikono yake. Akisema, atafungwa kamba kama yule mwanamume aliyelazwa chumba cha pili hapo kwa Christophe, ambaye siku hizi hata halii tena.

"Unasikia kitu?" Christophe aliuliza.

"Hapana."

"Taja siku za juma."

Alizitaja zote. Kati ya Jumatano na Alhamisi sauti ilimwambia kwamba sumaku inamla.

Christophe akampeleka barazani, walikokuwa wakingoja wagonjwa na ndugu zao. "Huyu ni mwalimu wa Wamaza. Mumuulize wenyewe."

Mwanamke mmoja akasogea, amemshika mkono binti yake, msichana wa miaka kama kumi na mitano aliyetazama chini tu. "Mwalimu, uniambie kweli. Inasaidia?"

Vidole vya Salomon vilikuwa kwenye kiwiko cha Régina. Kaka yake alitaka mno iwe kweli. Wakijua, watakufunga, sauti ilisema.

"Inasaidia, mama."

Mwanamke akashusha pumzi, akaanza kumfungua binti yake kitambaa cha kichwani.