Busaa Iliyonyamaza

“Hapa Roret hakuna mwanamke anayenishinda kupika busaa,” Rodah alimwambia ng’ombe wake akimkamua. Ng’ombe akageuza kichwa, akamwangalia. “Sawa,” Rodah akasema, “sijawahi kupika. Lakini wewe utamwambia nani?”

Hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo ya boma lile tangu mumewe, mzee Kiplimo, azikwe. Binti yao, Winny, alikuwa Nairobi. Alipiga simu kila Jumapili, dakika nne, mbili zikiwa za “unanisikia?” Asubuhi Rodah alichuma majani chai, akayapeleka kituoni kupimwa, akarudi. Bado alimimina vikombe viwili, akajikasirikia, halafu akanywa vyote viwili, chai isiharibike.

Alichobaki nacho ni Jumamosi. Jumamosi mchana wapishi wa busaa, pombe ya nafaka, walikutana kwa Nyatichi, ng’ambo ya mto. Walikuwa wawili tu, Nyatichi mwenyewe na Chelimo, mama mwenye kicheko cha kutimua kuku. Kila mmoja alileta aliyopika. Chungu kinawekwa katikati, kila mtu anatumbukiza mrija wake mrefu, wanaonja, wanatukanana. Siku moja Rodah alipita kuulizia mbuzi wake aliyepotea. Hakuwa na mbuzi. Akakaribishwa.

“Mara tatu unakuja mikono mitupu kama mgeni,” Nyatichi alimweleza. “Ya nne, Mama Winny, unaleta yako. Hapa tunakaa wapishi. Wanywaji wamejaa huko nje.”

Wakamfundisha. Unga wa mahindi ukandwe na maji, uachwe wiki nzima uchachuke, ukaangwe juu ya bati mpaka uwe kahawia. Halafu uchanganywe na maji na kimea, yaani nafaka ya wimbi iliyooteshwa, ikakaushwa, ikasagwa.

“Ukishafunika, siku ya pili utaisikia ikiongea,” Chelimo alisema. “Inachemka bila moto. Mimi huwa naijibu.”

Hilo ndilo lililomwingia Rodah. Kitu cha kuongea ndani ya nyumba.

Alifanya yote. Unga ukachachuka, akaukaanga, akaungua mkono kidogo. Lakini Rodah ni mtu wa majani chai, na kwa mtu wa majani chai kila kinywaji huanza na maji yanayotokota. Akayamwaga juu ya kimea yakiwa moto vile vile, akafunika pipa kwa blanketi la marehemu. Siku ya pili akainama, akaweka sikio. Kimya. Siku ya tatu akaligonga. Ya nne akaliombea. Alipoonja, akakuta uji baridi, mchachu, usio na habari yoyote. Maji yale yalikuwa yamekiua kimea siku ile ile.

Angeweza kwenda kwa Nyatichi aseme imeharibika. Alifika hadi darajani, akageuka. Wangempa pole, halafu wangempa Jumamosi ya kukaa nyumbani.

Kwa hiyo Ijumaa akafunga kitambaa hadi kwenye nyusi, akapanda bodaboda mpaka Chepilat, ambako hakuna anayemjua, akanunua busaa kwa msichana aliyekuwa akiuza kwa niaba ya mama yake. Akaihamishia kwenye mtungi wake mwenyewe.

Jumamosi alikuta mgeni ameketi.

“Huyu ni Beldina,” Nyatichi alisema. “Anapika Chepilat. Wanasema anatushinda sote, nikamwambia aje tuone.”

Rodah akaushika mtungi wake kwa mikono miwili. Akamkazia macho yule mama. Hakuwahi kumwona, na Beldina naye alimsalimia kama mtu asiyemjua. Rodah akapumua, akamimina. Mirija minne ikaingia chunguni.

Chelimo alivuta, akafumba macho. “Uuui! Mama Winny! Na vile ulikuwa unajifanya hujui!”

“Ni mkono tu,” Rodah alisema. Uso ulimwaka. Hakukumbuka mara ya mwisho mtu kumsifu kwa lolote.

Nyatichi alivuta mara mbili. “Basi kiti hicho ni chako.”

Beldina alivuta, akavuta tena polepole, kama mtu anayesoma barua aliyoiandika mwenyewe.

“Mama,” aliuliza kwa adabu, “uliiacha siku ngapi?”

“Nne.”

“Na unga ulikaangia bati?”

“Bati.” Rodah akaonyesha alama ya moto mkononi. Hiyo angalau ilikuwa ya kweli.

“Kazi safi. Na hii ladha inayokuja nyuma ya ulimi, si ni mtama? Wengi hawajui kuongeza mtama kwa kimea.”

Rodah akaona mlango umefunguliwa, akaingia mzima mzima. “Ni mtama! Viganja viwili. Nilifundishwa na marehemu mama mkwe, ilikuwa siri ya boma.”

Beldina akachomoa mrija wake, akaufuta kwa leso, akaulaza mapajani.

“Hakuna mtama humo, mama,” alisema. “Hiyo nimeipika mimi, Jumatatu.”

Hata Chelimo hakucheka. Rodah akaurudisha mrija mdomoni, akavuta. Akaendelea kuvuta, maana akiacha ingebidi aseme kitu.